Wafua Chuma wa Israeli: Pwani ya Kilwa na Mjadala wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia

Tarehe 12 Juni 1968 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya azimio la kuusifu Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia na kuyahimiza mataifa yote yautie sahihi. Nchi 95 ziliunga mkono, 21 hazikusema ndiyo wala hapana, na 4 zilikataa. Hizo nne zilikuwa Albania, Kuba, Zambia na Tanzania.

Msomaji aliyezoea kusikia kwamba nchi yetu ni kisiwa cha amani ana haki ya kushangaa. Tanzania haikuwa na bomu, wala haikuwa na nia au uwezo wa kulitengeneza. Rais wake, Mwalimu Julius Nyerere, ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa viongozi sita, pamoja na Indira Gandhi wa India na Olof Palme wa Sweden, waliotoa wito mwezi Mei 1984 wa kusimamisha mashindano ya silaha za nyuklia. Iweje basi nchi hiyo iukatae mkataba uliokusudiwa kuzizuia silaha zizo hizo? Na iweje ijiunge nao mwezi Mei 1991, ilhali ndani yake halikuwa limebadilishwa hata neno moja?

Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa faida ya wachungaji na wanafunzi wa theolojia, ambao katika somo la maadili ya Kikristo hukutana na mjadala wa nyuklia kana kwamba ni mambo ya Geneva na New York tu. Sisi tunaona kwamba mahali pa kuanzia ni karibu zaidi. Mtu akitaka kuelewa ni kwa nini mkataba wenye kusudi jema huweza kukataliwa na watu wapendao amani, na aanze Kilwa na Lindi. Kwa maana pwani ile ilikuwa imekwisha kuishi chini ya mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha tangu miaka 78 kabla ya kura ile.

Mkataba wa Brussels na bunduki za pwani

Mwezi Mei 1890 majeshi ya Hermann Wissmann, yakisaidiwa na mizinga ya manowari za Kijerumani, yaliitwaa Kilwa Kivinje, na siku chache baadaye Lindi. Tarehe 2 Julai mwaka huo huo, mjini Brussels, mataifa 17 yalitia sahihi Mkataba Mkuu wa kukomesha biashara ya watumwa. Wengi wetu tumefundishwa habari za mkataba huo kwa upande wa utumwa tu. Lakini kuanzia ibara yake ya 8 yamo masharti marefu juu ya silaha. Yalipiga marufuku kuingiza bunduki, hasa zile za kisasa, pamoja na baruti na risasi zake, katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta, toka Bahari ya Atlantiki hadi Bahari ya Hindi, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za baharini kutoka pwani. Kilwa iko karibu na nyuzi 9 kusini, na Lindi karibu na nyuzi 10. Miji yote miwili ilikuwa ndani kabisa ya eneo lililofungwa.

Ibara zilizofuata ziliweka vighairi. Bunduki za kisasa ziliruhusiwa kwa majeshi ya serikali zinazotawala, na kwa watu binafsi waliopewa kibali maalumu baada ya kuthibitisha kwamba silaha haitaingia mikononi mwa mtu mwingine. Wenyeji waliweza kuuziwa magobore ya gumegume na baruti ya kawaida ya biashara, tena kutoka maghala yaliyosimamiwa na serikali. Kwa lugha nyepesi, Mwafrika aliachiwa bunduki ya babu, naye mtawala akabaki na ya mjukuu.

Walakini si haki kuusoma mkataba huo kuwa ni hila tupu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya kusafirisha watumwa walioletwa kwa miguu kutoka nchi za Ziwa Nyasa, na bunduki ilikuwa ndicho chombo cha kuwakamatia. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar alikadiria kwamba kila mwaka bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki. Nyingi zilikuwa masalio ya majeshi ya Ulaya, ambayo yalikuwa yakijipatia silaha mpya na kuuza zile kuukuu. Mtu ambaye kijiji chake kilichomwa moto alfajiri na wenye bunduki hizo asingeona ubaya wowote katika kuzizuia. Hoja ya mkataba ilikuwa ya kweli.

Kasoro yake ilikuwa mahali pengine. Waliotunga kanuni hawakujiweka chini yake. Katika meza ile watu wa pwani yetu waliwakilishwa na Sultani wa Zanzibar, ambaye mwaka huo huo nchi yake iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mmatumbi, Mngindo na Mmwera hawakuwakilishwa na mtu yeyote. Wala hapakuwa na ibara iliyosema wenye bunduki za kisasa watafanya nini na zao, au lini.

Mwaka 1905

Miaka 15 baada ya Brussels, mwezi Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi, bara ya Kilwa, waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Tangu mwaka uliotangulia Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa akiwapa watu maji ya dawa na kuwaahidi kwamba risasi zitageuka kuwa maji. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini vita ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza. Vilienea kwa Wangindo wa Liwale, kwa Wamwera wa Lindi, kwa Wapogoro, hata vikafika Ungoni. Wapiganaji walikuwa na mikuki, pinde na yale magobore yaliyoruhusiwa. Tarehe 30 Agosti huko Mahenge waliiendea ngome iliyokuwa na bunduki mbili za bombomu, wakaanguka safu kwa safu.

Serikali ya Kijerumani ilikadiria watu 75,000 waliokufa katika vita hivyo. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Walio wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, kwa kuwa majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma maghala na mashamba hata nchi ikabaki tupu. Jambo hili tulikumbuke tutakapofika kwenye silaha za zama zetu, ambazo nazo haziwezi kumchagua askari na kumwacha mtoto.

Kanisa halikuwa mtazamaji. Mwezi Agosti Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa katika nchi ya Liwale, akiwa safarini toka Kilwa, pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Kwa upande wa Walutheri, kituo cha Yakobi cha Misheni ya Berlin kilishambuliwa mwezi Septemba. Machoni pa wapiganaji, misheni ilikuwa upande wa wale walioruhusiwa silaha. Hatuwezi kusema kwamba macho yao yaliwadanganya kabisa.

Mtu atauliza: je, wangekuwa na bunduki za kisasa, mambo yangekuwa mengine? Swali hili halina raha, lakini halikwepeki, kwa kuwa ndilo swali lile lile linaloulizwa leo katika miji mikuu ya dunia. Mfano upo. Ethiopia ilikuwa ndani ya eneo lile lile la Brussels, lakini Mfalme Menelik alipata njia ya kununua bunduki za kisasa kwa wingi, na tarehe 1 Machi 1896 majeshi yake yaliwashinda Waitalia huko Adwa. Nchi iliyopata silaha ilibaki huru, iliyonyimwa ilizikwa. Hoja hii ndiyo iliyomo nyuma ya kila serikali inayotafuta bomu kwa siri. Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa katika mkataba wa nyuklia mwezi Januari 2003 na kulipua bomu lake la kwanza tarehe 9 Oktoba 2006. Mhubiri anayetaka kuipinga hoja hiyo hana budi kwanza kuonyesha kwamba ameisikia.

Wafua chuma wa Israeli

Maandiko nayo yanaujua mkataba wa namna hii. Katika 1 Samweli 13:19-22 twasoma kwamba Wafilisti walihakikisha kuwa katika Israeli hapatikani mfua chuma hata mmoja, wasije Waebrania wakajifanyizia panga na mikuki. Mwisraeli aliyetaka kunoa jembe au shoka lake alilazimika kuwashukia Wafilisti na kulipa. Siku ya vita ilipofika, katika jeshi zima upanga ulikuwa kwa Sauli na Yonathani tu.

Mambo mawili katika habari hii hayazungumzwi sana katika mahubiri yetu. Kwanza, katazo liliwekwa juu ya ufundi kuliko kitu chenyewe. Mfilisti alikuwa na akili kuliko watu wa Brussels: alijua kwamba anayeweza kufua jembe anaweza kufua upanga, akaushika ufundi wenyewe. Hali kadhalika na nyuklia. Mashine zinazorutubisha urani kwa ajili ya kituo cha umeme zaweza, zikiendeshwa kwa muda mrefu zaidi, kuirutubisha kwa ajili ya bomu. Ndiyo maana wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hupekua mitambo ya amani, na ndiyo maana kinu cha umeme cha nchi moja humnyima usingizi jirani yake.

Pili, mwandishi hasemi kwamba Mungu alipendezwa na Israeli kukosa panga. Anaieleza hali hiyo kuwa ni utumwa. Kutokuwa na silaha si amani, iwapo umenyang'anywa na mwenye silaha.

Weka karibu na habari hiyo maono ya Isaya 2:4 na Mika 4:3, yanayopendwa sana katika sala za amani. Hapo panga zinageuzwa kuwa zana za kilimo. Lakini tazama mpangilio wa maono. Mataifa yanapanda yenyewe kwenda kujifunza njia za Bwana. Bwana anaamua kati yao. Ndipo wanafua upya zana zao. Hakuna taifa linaloachiwa upanga ili lisimamie mengine yanapofua. Kati ya 1 Samweli 13 na Isaya 2 umo mjadala wote wa nyuklia, na theolojia yoyote ya amani inayoanza na Isaya bila kupita kwa Samweli itasikika Umatumbi kama mahubiri ya mwenye bombomu.

Sheria kwa wengi, ahadi kwa wachache

Sasa twaweza kuusoma mkataba wa 1968. Uliwekwa wazi kutiwa sahihi tarehe 1 Julai mwaka huo, ukaanza kutumika tarehe 5 Machi 1970. Unayagawa mataifa mafungu mawili. Ibara ya 9 inasema kwamba taifa lenye silaha za nyuklia ni lile lililotengeneza na kulipua bomu kabla ya tarehe 1 Januari 1967. Hayo yalikuwa matano: Marekani, Umoja wa Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China. Mengine yote yanakubali kutotengeneza wala kupokea silaha hizo (ibara ya 2) na kukaguliwa (ibara ya 3). Badala yake yanahakikishiwa haki ya kutumia nguvu za atomiki kwa amani (ibara ya 4), na yanapewa ahadi, katika ibara ya 6, kwamba pande zote zitafanya mazungumzo kwa nia njema ya kukomesha mashindano na kuziondoa kabisa silaha za nyuklia.

Walutheri tumezoea kutofautisha kati ya sheria na ahadi, basi tofauti hiyo na itusaidie hapa, ingawa si kwa maana ile ya wokovu. Mataifa yasiyo na bomu yalipewa sheria, yenye wakaguzi. Mataifa matano yalipewa kutoa ahadi, isiyo na tarehe wala mkaguzi.

Hili ndilo lililokuwa lalamiko la nchi zilizokataa na la nyingi kati ya zile zilizosita, zikiwamo India na Brazil. Zilisema kwamba mkataba unaigeuza hali ya siku moja kuwa daraja la kudumu. Kwamba asiye na bomu hapewi hakikisho la kutoshambuliwa na aliye nalo. Kwamba kuenea kwa silaha kunahesabiwa kwa idadi ya wenye nazo, lakini hakuhesabiwi zinapoongezeka katika ghala la mtu mmoja. Wapo waliodai kuwa Tanzania ilifuata tu nyayo za China, rafiki yake wa wakati ule, ambayo nayo iliukataa mkataba na haikujiunga hadi 1992. Urafiki huo ulikuwako, wala hatuna sababu ya kuuficha. Lakini dai hilo halitoshi, kwa kuwa lalamiko lenyewe ni la haki hata likitolewa na mtu mwenye rafiki.

Palikuwa na jambo jingine, nalo linaturudisha mkoani Lindi. Mwaka 1968 huko Nachingwea, katika ardhi iliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza, wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa wakifunzwa kazi ya vita. Adui yao, Ureno, alikuwa mwanachama mwanzilishi wa jumuiya ya kijeshi ya NATO. Nyuma ya Ureno ilisimama Afrika Kusini ya makaburu. Kwa mtu wa Nachingwea, mkataba uliowaomba wadogo waahidi kutokuwa na silaha kubwa, bila kuwataka wakubwa waache kuwapa silaha wakoloni, ulisikika kama Brussels ikisema kwa sauti mpya. Makanisa yenyewe yaligawanyika juu ya mambo ya kusini: Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipoanza mwaka 1970 kutoa misaada kwa vyama vya ukombozi kupitia Mpango wa Kupambana na Ubaguzi wa Rangi, lilishutumiwa na Wakristo wengi wa Ulaya ambao hawakuwa wamesikika sana wakizishutumu silaha za Ureno.

Lakini tusidhani kwamba Tanzania ilisema hapana na kukaa kimya. Mwezi Desemba 1971 Baraza Kuu lilipitisha azimio, lililoletwa na Sri Lanka (wakati huo ikiitwa Ceylon) pamoja na Tanzania, la kuitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Bahari hiyo ndiyo iliyoleta manowari hadi Kilwa.

Kisha yakaja ya Afrika Kusini. Mwezi Juni 1977 Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, likamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, na kutamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi ni jambo la ungamo la imani, yaani si suala la siasa ambalo Wakristo waweza kuachiana huru. Miezi miwili baadaye, mwezi Agosti, iligunduliwa kwamba serikali hiyo hiyo ya makaburu ilikuwa imechimba mashimo ya kujaribia bomu katika jangwa la Kalahari. Baadaye ilitengeneza mabomu sita. Hofu ya nchi za mstari wa mbele haikuwa ndoto.

Kilichobadili mambo ni kwamba mwenye silaha alizivunja. Mwezi Septemba 1990 serikali ya Afrika Kusini ilisema ingejiunga na mkataba endapo nchi jirani zingejiunga nazo. Zambia na Tanzania zilijiunga mwezi Mei 1991. Afrika Kusini ikafuata tarehe 10 Julai. Tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk aliliambia bunge kwamba mabomu sita yalikuwako na kwamba yamekwisha kuvunjwa. Maneno ya mkataba yalikuwa yale yale ya 1968. Lakini safari hii, katika pembe yetu ya dunia, pande zote ziliweka panga chini pamoja, na hilo lilitosha kuigeuza hapana kuwa ndiyo. Wengine husema Tanzania ilichoka tu na kufuata wengi. Sisi tunaona kwamba tarehe zenyewe zinashuhudia vinginevyo.

Matunda yake ni Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Jina lake limetokana na kituo kile cha utafiti karibu na Pretoria ambako kazi ya nyuklia ya makaburu ilianzia. Ulianza kutumika tarehe 15 Julai 2009, Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuridhia.

Ungamo na kinga

Ungamo la Augsburg, katika ibara yake ya 16, linakubali kwamba Mkristo aweza kuitumikia serikali na kupigana vita vya haki, na Luther aliliandikia kitabu suala la askari mwaka 1526. Kwa hiyo Mlutheri hawezi kuruka moja kwa moja na kusema kila silaha ni dhambi. Anachoweza kufanya ni kuuliza kama silaha hii yaweza kabisa kutumika katika vita vya haki. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ambalo urani yake kwa sehemu kubwa ilichimbwa na Wakongo huko Shinkolobwe, Katanga, liliua watu wapatao 140,000 kabla mwaka haujaisha. Upanga aliopewa mtawala kumwadhibu mwovu haufanani na chombo hicho. Mwaka 1982 Muungano wa Wareformati wa Ujerumani ulisema kwamba jambo la silaha hizo nalo ni la ungamo, na mwaka uliofuata Baraza la Makanisa, huko Vancouver, likatamka kuwa kuzitengeneza na kuziweka tayari, na si kuzitumia tu, ni kosa la jinai dhidi ya ubinadamu. Walutheri wengi wa Ulaya walisita, wakisema kwamba silaha hizo zimezuia vita kwa kutia hofu.

Hoja hiyo ya hofu inahitaji kupimwa. Sisi wahubiri hupenda kuyatumia maji ya Kinjikitile kama mfano wa imani potofu. Lakini kinga ya nyuklia nayo hufanya kazi iwapo tu adui anaamini kwamba itatumika, na anayeitegemea hana njia ya kuijaribu bila kuangamia. Maji yalijaribiwa Mahenge kwa siku moja, na waliobaki walijua. Kinga hii imekuwa ikiaminiwa tangu 1949 na wasomi wakubwa. Tofauti ni kwamba siku itakaposhindwa hapatakuwa na wa kuirudia safari ya Ngarambe kuuliza.

Wakati huo huo ahadi ya ibara ya 6 inazeeka. Mwaka 1995 mkataba uliongezwa muda bila kikomo. Mahakama ya Kimataifa ilitoa maoni tarehe 8 Julai 1996 kwamba wajibu wa kujadiliana unamaanisha pia kuyafikisha mazungumzo mwisho wake. Mikutano ya kuupitia mkataba, ya 2015 na 2022, ilivunjika bila tamko la pamoja. Dunia ina zaidi ya vichwa 12,000 vya nyuklia, karibu asilimia 90 vikiwa vya Urusi na Marekani. Na mwezi Juni 2025 mitambo ya Iran, nchi iliyo mwanachama wa mkataba, ilishambuliwa na Israeli, isiyo mwanachama, na Marekani, yenye maghala yaliyojaa. Mtu aweza kuihofu serikali ya Iran, tena kwa sababu nzuri, na bado akaona kwamba Mfilisti amekwenda kulibomoa tanuru.

Urani ya Mto Mkuju

Mjadala huu sasa una anwani nchini mwetu. Katika wilaya ya Namtumbo, nchi ambayo nayo ilipigana mwaka 1905, iko hazina ya urani ya Mto Mkuju. Ilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, ambalo upande wa mashariki liliingia hadi wilaya za Liwale na Kilwa. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa pori usogezwe ili kuliacha nje eneo la mgodi. Mradi unamilikiwa na kampuni iliyo chini ya Rosatom, shirika la serikali ya Urusi, na mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchenjua madini hayo. Usimamizi uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Mkataba wa Pelindaba, katika ibara ya 9, unatukataza kuiuzia urani nchi isiyo na silaha za nyuklia, isipokuwa nchi hiyo imekubali kukaguliwa kikamilifu. Msomaji na asome tena sentensi hiyo. Sharti limewekwa juu ya mnunuzi asiye na bomu. Juu ya mnunuzi aliye nalo ibara hiyo haisemi neno.

Upo mkataba mwingine usiotofautisha hivyo. Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia ulipitishwa na nchi 122 tarehe 7 Julai 2017 na kuanza kutumika tarehe 22 Januari 2021. Humo katazo ni moja kwa wote. Tanzania iliutia sahihi mwezi Septemba 2019. Kati ya nchi tisa zenye silaha hizo hakuna hata moja iliyofanya hivyo. Ibara yake ya 1 inakataza pia kumsaidia mtu yeyote, kwa namna yoyote, kutenda yaliyokatazwa. Je, kumchimbia urani mwenye mabomu, hata kwa mkataba wa biashara wa kuwasha taa, ni kumsaidia? Wanasheria wa serikali watakuwa na jibu lao. Sinodi zetu za kusini, ambazo waumini wake watafanya kazi katika mgodi huo na kunywa maji ya mito yake, zinapaswa kuwa na lao kabla magunia ya kwanza hayajapakiwa.